Kivuli cha baba mchangani, na mimi niliyedai nilikuwepo

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tororo. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa trela. Utoto wetu wote alikuwa akipeleka mizigo kati ya Mombasa na Kampala. Kiswahili nyumbani tulikipata kwake na kwa mataniboi wake, maana mama ni Japadhola, baba alizaliwa Arua, na lugha ya barabarani ndiyo iliyowaoanisha.

Sebuleni kwa mama kuna picha ya rangi, kubwa kuliko zote, aliyoipiga baba mwenyewe huko pwani. Haina mtu. Kuna mchanga, minazi miwili iliyoinama upande mmoja, ngalawa iliyokaa mchangani ikiegemea ubawa mmoja, maji yamerudi nyuma, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Mbele, chini kabisa, pana kivuli kirefu cha mtu kilicholala kuelekea baharini, viwiko vimechomoza. Ni baba, ameshika kamera. Nyuma ya fremu, pale kadibodi ilipochanika, yanaonekana maandishi ya kalamu: "M'sa 12/90". Chini yake kuna mstari mwingine lakini umefunikwa na gundi.

Tangu nipate akili naikumbuka siku ile. Nina miaka mitano, nimevaa gauni la njano, niko juu ya mabega ya baba. Jua linazama majini, jekundu kama kaa. Baba ananiambia, "Bahari imekwenda kulala, usiku itarudi." Nachovya kidole, naweka mdomoni, chumvi! Natema, baba anacheka hadi anakohoa. Hadithi hii nimemsimulia mume wangu tukiwa wachumba, nimewasimulia wanangu watatu, na nikaisema kaburini siku tulipomzika mzee.

Tulipofanya kumbukumbu ya mwaka mmoja nikaanza kuisema tena. Kaka yangu mkubwa akainuka mbele ya watu wote. "Mdogo wangu, basi. Wewe hujawahi kufika Mombasa. Aliyekwenda na mzee ni mimi, tulikaa Bamburi siku nne tukingoja mzigo. Wewe ulibaki hapa na mama, una surua." Wageni wakacheka kidogo, halafu kimya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama nimemuuliza. Anasema baba alikuwa akituchukua mmoja mmoja kwenye lori wakati wa likizo, nani alikwenda lini hakumbuki. Surua niliugua kweli, mwaka haujui. Anachokumbuka ni kelele za chupa alizoleta mzee zimejaa maji ya bahari, ya kutuoshea upele. Mimi mwenyewe, nikikaa peke yangu, maji makubwa ninayoyajua kwa hakika ni ziwa, kule Kigungu, Entebbe, kwa mama mdogo, tulikokwenda likizo nyingi.

Sasa kaka anaitaka picha. Amejenga Mbale, anasema ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Na picha yenyewe inakufa, mchanga umegeuka wa samawati. Niliipeleka kwa kijana mmoja wa studio hapa mjini. Akaniambia rangi atazirudisha kwa kompyuta, "na ukitaka, mama, nakuweka na wewe pale karibu na mtumbwi, niletee tu picha yako ya zamani." Ninayo moja ya chekechea. Nimempa, na arubuni nimeacha. Tangu siku hiyo silali vizuri. Binti yangu wa miaka 11 aliniuliza, "Mama, kwani ulitudanganya?"

Je, mimi ni mwongo? Picha nimwachie kaka? Na yule kijana nimwambie aendelee?

Mtoto wa Dereva, Tororo

*

Marahaba, mwanangu.

Hapa Uganda mtu akisikia shangazi anamfikiria ssenga, yule shangazi anayewafunda wasichana mambo ya ndoa, kwa hiyo barua ninazopata ni za ndoa na mambo ya chumbani, moja baada ya nyingine. Yako niliisoma mara tatu, chai ikapoa mezani. Lakini kabla hujamaliza kusoma jibu hili mpigie simu yule kijana. Mwambie asikuweke. Arubuni iwe ya kurudisha rangi na kutoa nakala mbili safi, basi.

Nakuharakisha kwa sababu. Mwaka 2002 mtafiti Kimberley Wade na wenzake waliwachukua watu wazima 20, wakapata picha zao za utotoni kutoka kwa jamaa zao, kisha wakazipachika kwenye picha ya puto kubwa lile linalopaa na abiria. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda puto. Wakaonyeshwa picha hiyo na kuulizwa mara kadhaa wanakumbuka nini. Nusu yao wakaanza kukumbuka safari ambayo haikuwahi kuwepo, wengine kwa vipande, wengine na zaidi. Hao walitengenezewa na wageni, kwa siku chache tu. Wewe unataka kujitengenezea mwenyewe, uning'inize ukutani, uitazame kila siku ukinywa chai. Baada ya miaka kumi hata binti yako atasahau kwamba aliuliza. Wajukuu watakukuta umesimama Bamburi na soksi za chekechea.

Na kaka yako ataijua. Hapo ndipo utakuwa mwongo. Leo bado.

Sasa tuitazame picha yenyewe, maana nadhani nyote wawili mmeitazama miaka mingi kama kalenda ya duka.

Anza na kile kivuli. Ufuko wa Bamburi unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini, na jioni linazama mgongoni mwako, upande wa bara. Kivuli cha mzee kimelala kuelekea majini, kwa hiyo jua lilikuwa nyuma yake, tena limeshuka. Ni alasiri inayoelekea jioni. Ule mstari mweupe wa mbali ni mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba, ambao unaukinga ufuko huo. Kaka yako na picha wanasema kitu kimoja. Jua lako jekundu linalozama majini halikuzama pale. Ungeniambia ni Mji Mkongwe wa Unguja ningekubali bila ubishi, kwa kuwa ule unatazama magharibi. Bamburi, hapana. Lakini Kigungu iko kwenye ncha ya rasi ya Entebbe, maji upande huu na upande ule, na jioni jua linaweza kushuka ziwani mbele ya macho ya mtoto aliyebebwa mabegani. Mabega ya nani, sijui. Huenda ni ya baba yako kweli, siku aliyowapeleka kwa mama mdogo. Jua hilo uliliona, sina shaka nalo.

Njoo kwenye maneno, "Bahari imekwenda kulala, usiku itarudi." Haya hukuyasikia ziwani. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa mwezi kama bahari. Mwaka 2020 lilipanda likaingia kwenye nyumba na hoteli za ufukweni, lakini zile zilikuwa mvua, na maji yalikaa miezi, hayakurudi usiku uleule. Sentensi hiyo imesemwa na mtu aliyekaa pwani akaona maji yakipwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mimi nina wazo langu. Mtoto wa miaka mitano amesimama sebuleni Tororo, anaelekeza kidole kwenye picha mpya: baba, mbona mtumbwi uko mchangani? Na dereva aliyechoka, viatu havijavuliwa bado, anamjibu. Ungependa nikuambie hilo ni dogo kuliko safari? Kwangu mimi si dogo.

Chumvi ndiyo iliyonifanya niache chai. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba mama alitaja chupa za maji ya bahari, halafu ukapita kama hujasikia. Mwanangu! Mtoto gani wa Uganda anawekewa chupa ya maji ya bahari uani asionje? Ulichovya kidole, ukaweka mdomoni, ukatema, baba akacheka hadi akakohoa. Kila neno la kipande hicho naliamini. Sidhani hata kama ulikosea mtu. Ulichokosea ni mahali.

Kwa hiyo una vipande vitatu vya kweli, kimoja cha Kigungu, kimoja cha sebuleni, kimoja cha uani, na picha ukutani ikavishona vikawa nguo moja. Kichwa cha binadamu ni fundi cherehani wa namna hiyo, hakipendi vitambaa vibaki vimetapakaa. Kuna mtu atakuambia kwamba ukijiona mwenyewe kwenye kumbukumbu, gauni la njano na yote, kama vile mwingine ndiye aliyekutazama, basi ni ya uongo. Usimsikilize. Hata kumbukumbu za kweli za utotoni watu wengi huziona hivyo. Na usianze kumsumbua mama na kadi za kliniki za mwaka 1990 kutafuta tarehe ya surua. Msiba haugeuzwi mahakama.

Hii nimwambie pia kaka yako, kama atasoma, na ninatumaini utampa asome.

Kaka mtu, ulisema kweli mahali pabaya. Dada yako alikuwa amesimama mbele ya watu akimlilia baba yenu, na jambo hilo lingeweza kungoja hadi masufuria yaoshwe. Lakini zaidi ya hapo, hebu jiulize. Siku zile kamera haikuwa kitu cha mfukoni. Filamu ilinunuliwa, ilihesabiwa, picha 24 au 36 ukimaliza umemaliza, na kusafisha ni pesa nyingine. Mzee alikuwa na wewe pale ufukweni. Angeweza kukupiga wewe ukiogelea, na pengine alikupiga, sijui ziko wapi. Picha hii lakini haina wewe. Alikuambia usogee, akaelekeza kamera kwenye bahari tupu, akaikuza kubwa, akaileta na lori zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba na ng'ambo yake, akaitundika sebuleni. Wewe uliyeiona bahari ulihitaji picha ya bahari ya nini? Aliipiga kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Mmoja wao alikuwa na surua.

Basi hoja yako ya kwamba picha ni yako kwa kuwa ulikuwepo, mimi naona inaangukia upande wa pili.

Hata hivyo sikupi wewe, Mtoto wa Dereva. Picha ni ya mama yenu. Mmemzika mumewe, yeye hamjamzika, na ukuta ni wake. Iko pale tangu alipokuwa mama kijana wa kumngojea dereva, akisikia breki za upepo barabarani anainuka kuwasha jiko. Nani amemuuliza anataka nini? Katika barua nzima umemuuliza mama kuhusu surua, mwaka, nani alikwenda. Hukumuuliza kama anataka picha ishuke. Kila mmoja wenu achukue nakala, moja Mbale, moja kwako, ya asili ibaki kwake hadi yeye mwenyewe atakaposema.

Ikibaki lakini isibaki vilevile. Rangi ya samawati uliyoiona ni ya picha iliyokaa kwenye mwanga miaka mingi. Rangi nyekundu ndani ya karatasi ndiyo iliyotangulia kufa. Zile zilizofichwa kwenye albamu gizani kawaida zinaelekea kinyume, zinakuwa nyekundunyekundu, utaziona kabatini kwa mama ukitafuta. Muombe aihamishe kwenye ukuta ambao jua la dirishani haliufikii, na mbali na upande wa jikoni. Kabla kijana hajaigusa tena, angalia kama karatasi imegandana na kioo. Nyumba zetu zenye unyevu hufanya hivyo. Ikiwa imegandana, asiibandue, hata akikuambia amezoea. Itang'oka ngozi, na minazi itabaki kwenye kioo. Aipige ikiwa ndani ya kioo chake, kamera imenyooka mbele yake, bila taa ya flashi, na kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji ili sura yake isionekane kwenye kioo. Ikiwa haijagandana, itolewe, ipigwe skani, na ikirudishwa iwekewe pambizo la kadibodi ili isigusane na kioo tena. Rangi zirudishwe kwenye nakala tu. Ile ya asili acheni izeeke na mama.

Ule mstari ulio chini ya "M'sa 12/90", mnajua kwamba nami nautamani. Gundi ya zamani wakati mwingine huachia yenyewe ukingoni. Kijana ainue kadibodi taratibu pale ilipochanika tayari, apige picha anachokiona, na pakikataa aache. Msikate. Na ulizeni negativu. Madereva wa zamani walikuwa na kopo la biskuti la vitu vyao: risiti, vyeti vya forodha, funguo ambazo hazifungui tena kitu. Ukanda wa filamu ukipatikana humo, studio nzuri itatoa rangi bora kuliko za kompyuta, na labda kaka yako ataonekana akiogelea.

Binti yako anangoja jibu, na wa miaka 11 hangoji sana. Mkalishe mbele ya picha, mwonyeshe kivuli. Mwambie, "Nilidhani nilikuwa pale. Mjomba wenu ndiye aliyekuwa pale. Mimi bahari niliionjea hapa, kwenye chupa." Usijitetee zaidi ya hapo. Kisha mwombe mjomba aje amalizie, maana siku nne za Bamburi bado hazijasimuliwa na mtu. Aliogopa mawimbi? Walikula nini? Taniboi alilala wapi? Tororo ni mji wa saruji na Bamburi nako kuna kiwanda cha saruji, mzee lazima alisema kitu kuhusu hilo, madereva hawawezi kupita kitu kama hicho kimya. Wewe uandike anaposimulia. Nafikiri alisimama kwenye kumbukumbu kwa hasira ya mtu ambaye hadithi yake ilikuwa inasimuliwa na mwingine, miaka yote, vizuri kuliko ambavyo yeye angeisimulia.

Halafu uende. Hukuniuliza, lakini barua yako yote inauliza. Kuvuka Malaba kitambulisho cha taifa kinatosha kwa raia wetu tangu 2014. Basi hadi Nairobi, na kutoka hapo kuna treni ya mchana inayoshuka Mombasa, iliyoanza 2017. Anza kuweka akiba sasa, uende na kaka mwezi wa Desemba, mwezi uleule wa mzee, wakati wa kaskazi. Ukifika waulize wavuvi maji yanapwa saa ngapi, kwa sababu saa hizo husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na mgeni akishika saa ya jana ataikuta bahari imesharudi. Beba chupa tupu ya kuwaletea watoto.

Picha utapiga, najua. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua likiwa mgongoni, usimame pale mchanga ulipokauka. Mwambie kaka yako asimame karibu nawe, na usisogee hadi vivuli vyote viwili viingie.